Siku ya Barabarani Kabla ya Mlima

Watu wengi wakisikia habari za kupanda Mlima Kilimanjaro huuliza mambo mawili: gharama ni kiasi gani, na baridi ni kali namna gani. Ni maswali ya haki. Lakini liko jambo la tatu ambalo ni wachache wanaoliuliza, nalo ni siku inayotangulia. Namaanisha ile siku ya kusafiri, kabla miguu haijakanyaga njia ya mlimani. Siku hiyo wengi huichukulia kama usumbufu wa kupita nao haraka ili jambo lenyewe lianze. Mimi nasema siku hiyo ndiyo inayoamua mengi, na kwa mke na mume huenda ikaamua kuliko siku zote nne au tano zinazofuata.

Hebu tazama jinsi inavyokuwa kwa kawaida. Baba anatoka kazini Dar es Salaam saa 11 jioni. Mama amefungasha mizigo peke yake, amewapa watoto chakula, amemwelekeza msichana wa kazi, amempigia bibi yao simu mara tatu. Saa 2 usiku wanaingia kwenye gari. Usiku kucha ni malori na mataa ya kuumiza macho. Alfajiri wako Moshi, macho mekundu, wananunua betri za tochi na soksi dukani huku wakigombana kidogo kuhusu nani alisahau nini. Saa 3 asubuhi wako getini Marangu, na kiongozi anawaambia, "Karibuni, twendeni polepole." Watu hao wamekwisha kuchoka kabla ya hatua ya kwanza. Wengine hurudi siku ya pili wakisema mlima ni mgumu. Mlima ni mgumu kweli, lakini hawa walishindwa na barabara.

Mwili una sababu zake za kudai siku ya utulivu. Sisi tunaoishi pwani tumezoea hewa nzito ya usawa wa bahari. Geti la Marangu liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, kibanda cha Mandara mita 2,720, Horombo mita 3,720, na Kibo zaidi ya mita 4,700. Kileleni Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni kama nusu tu ya ule tuliouzoea nyumbani, kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Moyo na mapafu hulazimika kufanya kazi ya ziada. Mtu aliyelala vizuri, aliyekunywa maji ya kutosha na kula chakula chepesi, anaanza kazi hiyo akiwa na akiba. Aliyekesha anaanza na deni.

Sasa nieleze jinsi sisi tulivyoipanga siku yetu, mimi na baba watoto, baada ya miaka 22 ya ndoa. Watoto wawili wanajitegemea, na yule wa mwisho, binti, yuko chuoni. Nyumba imekuwa na ukimya ambao akina mama wa umri wangu mnaufahamu. Si ukimya wa ugomvi. Ni ule wa watu wawili waliozoea kuzungumza kuhusu ada, homa za watoto na bei ya mafuta ya kupikia, halafu siku moja mazungumzo hayo yanapungua na hakuna mengine yaliyoandaliwa kuchukua nafasi yake. Wazo la mlima lilikuwa lake. Alisema tangu akiwa mvulana shuleni, alipofundishwa jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyopeleka Mwenge na bendera kileleni mwaka 1961, alitamani kuuona mlima huo kwa karibu. Mimi nilikubali kwa sababu ya siku zile za kuwa wawili tu.

Tulikata safari vipande viwili. Alhamisi tulitoka Dar mchana, tukalala Korogwe kwa shemeji. Ijumaa, siku yenyewe ninayotaka kuizungumzia, ilibaki na zaidi ya kilomita 200 hadi Marangu. Jumamosi tungepanda. Namshauri kila mtu mpango wa namna hii, na usiyekuwa na shemeji Korogwe usihofu, nyumba za wageni zipo. Aliye na nafasi zaidi anaweza kukunja Mombo akapanda Lushoto, akalala kwenye baridi ya Usambara. Mwinuko wa Lushoto ni kama mita 1,400, na mtu wa pwani anapata kionjo cha hewa ya milimani huku akila peasi.

Tulitoka Korogwe saa 2 asubuhi baada ya chai ya kutosha, mihogo na mayai. Wifi yangu alitufungia vitumbua kwenye kitambaa. Tulikubaliana sheria tatu kabla ya kuwasha gari. Ya kwanza, hakuna kukimbizana na mabasi. Pale penye alama ya 50 tunakwenda 50, si kwa kuogopa tochi za askari bali kwa sababu hatuna haraka. Ya pili, kila baada ya saa moja na nusu tunasimama, tunanyoosha miguu, tunakunywa maji hata kama hatuna kiu. Ya tatu ilikuwa yangu: simu zote mbili zinazimwa hadi mchana. Baba watoto alikubali sheria ya tatu kwa shida kidogo.

Barabara ile ni nzuri kwa mtu asiye na haraka. Mkono wa kulia milima ya Usambara inakufuata kama ukuta, kijani iliyokolea, na mawingu yamekaa juu yake asubuhi. Kushoto ni mashamba ya mkonge, safu kwa safu, na reli ya zamani inayokwenda Moshi mara inakaribia barabara mara inatoweka. Mombo tulisimama kwenye genge la matunda na mboga zinazoshushwa kutoka Lushoto. Nilinunua karoti, ndizi mbivu na peasi za kutafuna njiani, na mama muuzaji aliposikia tunakwenda mlimani akatuongezea mbili juu. Kisha nchi inabadilika. Kijani kinaisha, miiba na mibuyu inaanza, joto linapanda, na ukuta wa kulia sasa ni milima ya Upare. Mkomazi, Hedaru, Makanya. Wenye mabasi hupita hapo kwa kasi kana kwamba hakuna wanaoishi. Sisi tulisimama Hedaru kwa nusu saa nzima chini ya mti, tukala vitumbua.

Hapo napenda nikumbushe kitu kwa sisi tunaosoma Biblia. Katika Injili ya Marko sura ya 6, mitume wanarudi kwa Yesu wakiwa na mengi ya kusimulia, watu ni wengi, hata nafasi ya kula hawana. Yeye hawaambii waongeze bidii. Anawachukua kwenda mahali pa faragha wapumzike. Nimewahi kusikia mafundisho mengi ya wanawake juu ya Martha na Mariamu, lakini aya hiyo ya kupumzika huwa tunaipita upesi tukienda kwenye mikate mitano na samaki wawili. Mama anayejisikia kuwa na hatia akiacha nyumba siku tano ili atembee na mume wake, naomba aisome tena polepole. Watoto watakula. Bibi yao aliwalea wengine kabla yao.

Mazungumzo ya garini

Kuna siri moja kuhusu gari ambayo wake wengi wameigundua wenyewe. Mwanamume ambaye mezani hasemi neno, akishika usukani husema. Sijui kama ni kwa sababu hamtazamani usoni, au kwa sababu mikono ina kazi, au kwa sababu hakuna pa kukimbilia. Washauri wa ndoa kanisani hutuambia tukae tuangaliane na tuzungumze. Kwa baadhi ya waume huo ndio mtego wa kuwafunga midomo. Mkalishe pembeni yako, wote mkitazama mbele, barabara ikiwa ndefu na nyeupe, halafu nyamaza wewe kwanza.

Mimi nilikuwa na swali moja tu nililoliandaa, nalo ni swali ambalo kila wenzi wanaokwenda mlimani wanapaswa kuulizana kabla hawajafika: mmoja wetu akiugua kule juu, mwingine atafanya nini? Ataendelea na kiongozi, au atashuka naye? Lisiulizwe kwenye kibanda saa 6 usiku wakati kichwa kinagonga na mmoja analia. Pale kila jibu litaumiza. Liulizwe mchana, kwenye gari, mkiwa mmeshiba.

Nilimweleza nilichosoma. Ugonjwa wa mwinuko haumjali mwenye nguvu wala kijana. Mcheza mpira anaweza kuzidiwa na bibi anayetembea taratibu. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo hapandi zaidi. Anapumzika pale pale, na zikizidi anashuka. Lakini akianza kuyumba kama mlevi, akachanganyikiwa maneno, au akakosa pumzi hata akiwa amekaa, au akakohoa makohozi yenye povu, hapo hakuna kusubiri kukuche. Anashushwa mara moja, hata kama ni usiku, maana mtu hufa kwa saa chache. Na jambo baya kuliko yote, nikamwambia, ni kwamba wanaume huficha. Hawataki kuonekana dhaifu mbele ya wake zao na mbele ya wagumu (ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa kule) wanaopita mbio na kilo 20 kichwani.

Baba watoto hakujibu. Tulipita Makanya. Tulipita kundi la mbuzi. Ndipo akasema, akiendelea kutazama mbele, "Mama, kuna kitu sijakuambia."

Ana shinikizo la damu tangu miaka sita iliyopita, hilo nalijua, na vidonge vyake nilikuwa naviona kabatini. Nisichokijua ni kwamba tangu mwezi wa nne alikuwa anakunywa kidonge kimoja kila baada ya siku moja badala ya kila siku. Binti yetu alipata mkopo wa chuo usiotosha, na yeye alipiga hesabu zake mwenyewe kimya kimya. Dawa za mwezi mmoja akazifanya za miezi miwili. Na mara mbili ofisini alikuwa amepata kizunguzungu mpaka akashika meza. Wenzake walimnunulia soda, akarudi nyumbani, akala, akalala, hakusema.

Wewe mama unayesoma, ungesema nini? Nakumbuka nilitazama alama za barabara kwa muda mrefu. Kilichonijia mdomoni kwanza hakikuwa cha kusaidia, kwa hiyo sikukisema. Niliuliza swali dogo tu: vidonge vilivyobaki viko wapi? Vilikuwa kwenye begi la nyuma. Tukasimama Same, tukanunua maji, akanywa cha siku ile. Halafu nikawasha simu yangu.

Kwa Nini Siku Iwe na Nafasi

Sasa utaona kwa nini naisifu siku isiyobanwa. Ilikuwa saa 6 mchana, tuko Same, na hatukuwa na miadi yoyote mpaka jioni. Kama tungekuwa wale wa kusafiri usiku na kufika getini asubuhi, kusingekuwa na pa kuliweka jambo hilo. Angenyamaza, au angesema na tungekwenda hivyo hivyo kwa kuwa fedha zimekwisha kulipwa. Sisi tulikuwa na saa sita za jua mkononi. Tulipofika njiapanda ya Himo, badala ya kukunja kulia kwenda Marangu, tulinyoosha hadi Moshi mjini, mwendo wa nusu saa hivi, tukaingia katika hospitali moja.

Foleni haikuwa ndefu. Daktari, mwanamke wa makamo, alimpima mara tatu kwa kupishanisha dakika kadhaa. Mara zote namba ya juu haikushuka chini ya 165. Akampima umeme wa moyo. Akamwuliza maswali ambayo mimi nisingethubutu, kwa mfano kama anaamka usiku akihema. Kisha akatueleza vizuri bila kututisha. Mtu mwenye shinikizo lililodhibitiwa kwa dawa anaweza kwenda milimani kwa ushauri wa daktari wake, na wengi huenda. Lakini mwinuko wenyewe hupandisha shinikizo la damu, hasa siku za mwanzo, kwa hiyo kwenda na shinikizo lililokwisha kupanda ni kuongeza kuni kwenye moto. Kizunguzungu kile nacho hakijachunguzwa vya kutosha. Kileleni asifikirie. Horombo hapana. Mandara, kwa mwendo wa taratibu, akinywa dawa zake kila siku na akishuka endapo lolote litabadilika, hakuona ubaya.

Aliongeza mambo ambayo nayaandika hapa kwa faida ya wasomaji. Ipo dawa ya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini si ya kununua dukani kama ya kichwa. Huongeza kukojoa, na mwenye mzio wa dawa za salfa, au anayekunywa dawa nyingine, lazima aseme kwanza kwa daktari. Mama mjamzito aahirishe. Mwenye selimundu asiende, na hata yule mwenye kurithi upande mmoja tu apate ushauri kwanza, kwa maana ugonjwa huo na hewa haba haviendani. Na akina mama wasishangae siku zao zikija mapema au zikichelewa huko juu. Wabebe vifaa vya kutosha na mfuko wa kurudishia uchafu, kwa kuwa hautupwi njiani.

Tulipotoka nje nilidhani baba watoto atakuwa amevunjika moyo. Alikaa kwenye gari mlango wazi, miguu nje. Upande wa kaskazini mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo na Kibo ikaonekana, nyeupe kwa juu. Alisema, "Angalau niuone kwa karibu." Nikamwambia tutaukaribia hadi Mandara. Kwa wale wenye kuuliza habari za fedha: sehemu ya tuliyolipa haikurudi. Tulizungumza suala hilo kwa dakika mbili tukalifunga. Mazishi yana gharama zaidi.

Jioni Marangu

Kutoka Himo barabara ya lami inapanda moja kwa moja. Ndani ya dakika chache unafunga kioo cha gari. Joto la Same limekuwa ndoto, na pande zote ni vihamba: migomba, chini yake kahawa, mifereji ya maji inayopita kando ya barabara. Tulifika saa 11 kasoro kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mjane, muumini wa Kilutheri, aliyekwishapokea wapandaji miaka mingi. Alipotuona alijua tumechoka kwa uso, si kwa miguu. Hakuuliza. Alileta mtori.

Akina mama wa Kichaga wanaujua mtori kwa sababu ndicho chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua: ndizi na nyama vilivyochemshwa mpaka vilainike, vikapondwa pamoja hadi uwe kama uji mzito. Usiku wa kabla ya mlima hakuna chakula kinachoushinda. Ni laini tumboni, una chumvi kidogo, una nguvu, na unateremka hata kwa mtu asiye na hamu ya kula. Kuhusu mbege, kila mmoja na kanisa lake. Lakini pombe usiku huo si jambo la dini tu, inakausha mwili na kuharibu usingizi, na vyote viwili utavihitaji kesho.

Baada ya chakula tulitembea uani hata giza lilipoingia. Kwenye mpaka wa kihamba kulikuwa na mstari wa mimea yenye majani marefu ya kijani. Mwenyeji wetu akatuambia ni isale. Hupandwa mipakani na makaburini, na tangu mababu jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni kuomba msamaha, naye akilipokea inampasa kusamehe. Wazee wa Kanisa hawakuikataza, alisema, maana hata wao walisuluhishwa nalo. Baba watoto aliuliza maswali mengi kuhusu mmea huo kuliko nilivyotegemea. Mimi niliacha wazungumze nikaenda kupanga mabegi.

Niseme neno juu ya mabegi, kwa kuwa hapo ndipo jioni nyingi za namna hii huharibika. Yafungeni pamoja, vitu vyote vikiwa vimetandazwa kitandani, na kila mmoja ajue kilipo cha mwenzake. Mmoja akishikwa na baridi vidole havifanyi kazi, na ni mwenzake atakayetafuta glavu. Dawa zisiwe kwenye begi la mgumu, bali kwenye mkoba mnaobeba wenyewe. Jaketi la mvua liwe juu, kwa kuwa msitu wa chini hunyesha hata miezi ya kiangazi. Miezi mizuri ni Januari na Februari, tena Juni hadi Oktoba. Mvua za masika, Machi hadi Mei, mwachie mwenye sababu maalum. Viatu viwe vimevaliwa nyumbani wiki kadhaa. Nguo nzito kabisa za kileleni tulizitoa usiku ule tukaziacha kwa mwenyeji.

Saa 1 usiku kiongozi wetu alikuja kujitambulisha. Sheria ya hifadhi inataka kila mpandaji awe na kiongozi mwenye leseni, na ni vizuri mke na mume mumwone jioni na kumweleza magonjwa yenu mbele ya kila mmoja, bila kunong'ona. Tulimweleza ya kwetu yote, na namba alizoandika daktari tukamwonyesha. Hakucheka wala kutudharau. Alisema Marangu ina heshima ya watu waliojua kusikiliza mlima. Akamtaja Yohani Lauwo, mzaliwa wa hapo, ambaye wenyeji wanamheshimu kuwa ndiye aliyemwongoza Hans Meyer mwaka 1889. Akatukumbusha pia kwamba Johannes Rebmann, mmisionari, alipoiona theluji ile tarehe 11 Mei 1848, hakupanda kabisa. Aliitazama kwa mbali, akaandika aliyoyaona, na wataalamu wa London wakamcheka kwa miaka. Wala kutopanda kwake hakukumfanya asiwe sehemu ya historia ya mlima. Kiongozi yule anafaa kuwa mwalimu wa shule ya Jumapili.

Na kwa akina mama wanaofikiri mlima ni wa wanaume, Sheila MacDonald, mwanamke, alifika kileleni mwaka 1927. Nilimwambia baba watoto kwamba nami nina haki ya kwenda huko siku moja, na kwamba sitakwenda bila yeye. Tukasoma Zaburi ya 121 kwa zamu, tukazima taa saa 3 usiku.

Asubuhi aliamka kabla yangu, akanywa kidonge chake mbele yangu bila kuambiwa. Tulitembea msituni saa nne hadi Mandara, polepole kiasi cha kupitwa na vikundi vitatu. Tulilala kibandani usiku wa kwanza, siku ya pili tukaenda hadi ukingo wa kasoko ya Maundi, mwendo mfupi tu kutoka vibandani, tukakaa hapo asubuhi nzima. Mawenzi ilikuwa wazi, yenye meno meno, na Kibo nyuma yake. Upande wa pili nchi ilishuka mpaka Taveta. Tulilala usiku wa pili, tukashuka.

Tulipanga bajeti upya tuliporudi Dar. Fedha za dawa sasa zinatolewa kabla ya ada, kabla ya umeme, kabla ya mchango wowote wa harusi, na binti yetu alipoelezwa alitafuta kazi ya vipindi vya jioni ya kufundisha watoto. Kizunguzungu hakijarudi. Kliniki ni kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na tunakwenda wote wawili kwa gari, kwa njia ndefu ya kupitia ufukweni.